Msiliwashe Mpaka Nifike: Barua ya Wazi kwa Walioniuzia Gari Jipya

Kwa Mkurugenzi wa kampuni iliyoniuzia gari, kwa Mkuu wa Karakana, na kwa Idara ya Waranti ya kiwanda kilicholitengeneza.

Ndugu wakuu,

Nawaandikia kwa sababu nimekwisha kuongea na kila mtu aliye chini yenu. Nimeongea na kijana wa mapokezi, na msimamizi wa huduma, na dada anayepokea simu za wateja. Wote wamenisikiliza kwa adabu na sina ugomvi na hata mmoja wao. Tatizo ni kwamba hakuna kati yao mwenye mamlaka ya kuamua jambo moja ninaloliomba tangu mwanzo: gari lilale karakanani likiwa limepoa, lifunguliwe asubuhi kabla halijawashwa, na kitakachoonekana kiandikwe. Mamlaka hayo mnayo ninyi.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana katika karatasi zenu zote haujaandikwa hata mara moja kama nilivyousema.

Gari nililichukua kwenu likiwa na kilomita 11. Miezi miwili ya kwanza sikuwa na la kulalamika. Lilipofika kilomita 4,200 hivi, asubuhi moja niliwasha, injini ikatetemeka. Usukani ulinicheza mikononi, kioo cha katikati kikawa hakionyeshi kitu kwa kutikisika, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Nyuma ulitoka moshi mweupe, mzito, wenye harufu tamutamu isiyofanana na ya petroli. Baada ya nusu dakika injini ikatulia, moshi ukakata, taa ikabaki imewaka tu. Nikaendesha kutwa nzima bila shida. Kesho yake asubuhi, yaleyale. Likizimwa mchana kwa saa moja na kuwashwa tena, halina neno. Likilala usiku kucha, linaamka linaumwa.

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema mapokezini, na nilirudia mara mbili: likilala usiku kucha. Kwenye kadi ya kazi yakaandikwa: mteja anasema taa ya injini inawaka. Fundi aliyepewa kadi ile alipewa ugonjwa mwingine, na wala simlaumu.

Safari tatu za kwanza nizipitie haraka. Mara ya kwanza gari lilikaa kwenu siku 2, mkaingiza programu mpya kwenye kompyuta ya injini. Mara ya pili siku 6, mkabadilisha plagi zote 4 na kuniambia nimeweka mafuta mabaya. Mara ya tatu siku 9, mkabadilisha koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) ya silinda ya tatu. Kila mara nililikuta limeoshwa, taa imezimwa, na kila mara wiki haikuisha kabla halijarudia palepale.

Hilo la mafuta mabaya lazima nilisemee, kwa sababu lilihamisha lawama kutoka kwenye injini na kuniangushia mimi. Petroli inatoka kwenye tanki moja na kwenda silinda zote 4. Mafuta yangekuwa mabaya, silinda zote zingeyaonja. Inayomisi, yaani inayoshindwa kuchoma mafuta, katika gari langu ni moja, ni ileile siku zote, na ni asubuhi tu. Mafuta hayawezi kuchagua silinda, wala hayajui saa.

Najua ni silinda ya tatu kwa sababu kabla ya safari ya tatu nilimwomba fundi mmoja asiye wa kwenu anisomee kompyuta ya gari. Namba iliyotoka ni P0303. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazotaja silinda. Akanionyesha na kitu kingine ambacho sikukijua. Kompyuta ya gari haitunzi namba ya kosa peke yake. Hutunza pia hali ya injini wakati ule kosa lilipotokea: mzunguko, mzigo, joto la maji. Joto lililotunzwa lilikuwa digrii 21. Injini iliyokwisha kupata moto hukaa kwenye digrii 90 hivi. Maana yake gari lenyewe lilikuwa limeandika, kwa mkono wake, kwamba linaumwa likiwa baridi. Teknolojia hiyo si ngeni kwenu. Magari madogo yanayouzwa Marekani yamelazimika kuwa na mfumo huo wa kutunza makosa tangu mwaka 1996, na mashine ya kuusoma mnayo, kubwa kuliko ya yule fundi. Lakini kosa likifutwa, kumbukumbu ile hufutika nalo. Mmelifuta katika kila safari, na kwenye kadi zote sijaona palipoandikwa digrii ngapi.

Na koili hali kadhalika. Koili ya silinda ya tatu ingehamishiwa silinda ya kwanza na ile ya kwanza ikaletwa ya tatu, gari likawashwa asubuhi, jibu lingepatikana bila kununua chochote. Kosa likihamia kuwa P0301, koili ndiyo mbovu. Likibaki P0303, koili haina hatia, tafuteni kwingine. Badala yake iliwekwa mpya, gari likawashwa likiwa na moto, likanguruma vizuri kama linavyonguruma kila mchana, na kazi ikafungwa.

Sasa nije kwenye safari ya nne, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Wiki moja kabla yake nilifungua boneti nikaona lile tanki dogo la kulanti (maji ya kupozea injini), jeupe linaloonyesha maji yaliyomo, limeshuka. Chini ya gari palikuwa pakavu. Nikabandika kipande cha utepe wa karatasi ubavuni mwa tanki, ukingo wake wa juu ukiwa sawasawa na pale maji yalipofika, nikaandika tarehe kwa wino mweusi. Siku 8 baadaye maji yalikuwa chini ya utepe kwa upana wa kidole changu. Nikabandika utepe wa pili, nikaandika tarehe, nikapiga picha. Nikawaletea gari likiwa na tepe zake mbili, na kijana wa mapokezi nilimshika mkono mpaka mbele ya gari nikamwonyesha kwa kidole. Aliinama, akaangalia, akasema ataandika.

Gari likakaa siku 5. Nilipokwenda kulichukua, kadi ilisema: limejaribiwa barabarani, hakuna tatizo lililoonekana. Nikafungua boneti palepale uwanjani kwenu. Tepe zangu zilikuwapo zote mbili. Maji yalikuwa juu ya zote mbili, yamegusa alama ya mwisho ya tanki. Mtu alikuwa ameyajaza. Nikarudia kadi mstari kwa mstari, mbele na nyuma. Mahali pa kuandika vilivyotumika palikuwa patupu.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, muda mrefu bila kuwasha. Gari kuharibika ningelivumilia. Chombo ni chombo. Ila mtu kuona maji yamepungua, kuchukua chupa, kujaza, kufunga boneti na kutoandika hata neno moja, hilo lilinikata maini. Huenda aliyejaza aliona ananitendea wema. Lakini maji yale yaliyopungua ndiyo yalikuwa kipimo. Ndiyo yalikuwa jibu la safari zote tatu zilizotangulia, yamewekewa alama na tarehe, na yakafunikwa kwa nusu lita ya kulanti mpya. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kinachofichwa maradhi ni gari langu kwa mikono yenu.

Niseme ninavyoelewa ugonjwa huu, kisha mafundi wenu wanisahihishe kwa vipimo. Injini ikizimwa ikiwa na moto, mfumo wa maji hubaki na presha kwa muda. Kama kuna upenyo mdogo, kwenye gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) au kwenye chuma chenyewe, presha hiyo husukuma kulanti taratibu kuingia kwenye silinda iliyo karibu. Usiku mzima huchuruzika kidogokidogo. Asubuhi plagi ya silinda hiyo imelowa, haichomi, injini inamisi. Kulanti iliyokusanyika hugeuka mvuke ukipigwa na joto, na huo ndio moshi mweupe wenye harufu tamu. Ikishaungua yote injini inatulia, chuma kinatanuka kwa joto, upenyo unabana, na gari linakuwa zima mpaka kesho. Silinda moja, asubuhi tu, moshi mweupe, maji yanapungua bila tone ardhini. Sijaona dalili hata moja kati ya hizo inayoelekeza kwenye plagi, koili au programu.

Na vipimo vyake vipo, wala si vya ajabu. Ipo pampu ndogo inayofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta, mnaujaza mfumo presha jioni na kuuacha ulale. Asubuhi mnaangalia mshale umeshuka kiasi gani. Ipo kamera nyembamba inayopita kwenye tundu la plagi, mnaona kwa macho kama kichwa cha pistoni ya tatu kimelowa, au kimeng'aa kwa kuoshwa na mvuke wakati wenzake ni weusi kwa masizi. Ipo dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya injini ndani ya mfumo wa maji. Kwenye kadi zenu tano sijaona kimoja kati ya hivyo kikitajwa.

Haraka yangu ina sababu. Kulanti ikiingia kwenye oili hula beringi za injini. Inayochomwa kila asubuhi huchafua vihisi vya oksijeni na kichujio cha moshi, na petroli isiyoungua kwenye silinda inayomisi huenda kumalizia kuungua ndani ya kichujio hichohicho na kukiunguza. Ndiyo sababu ile taa huwaka na kuzima badala ya kutulia, kumwonya dereva. Na siku ambayo kulanti itakuwa nyingi ndani ya silinda, pistoni itakapopanda itakuta kitu kisichobanika. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Kitakachopinda ni mkono wa pistoni. Leo pengine ni kazi ya gasketi. Tukiendelea hivi itakuwa kazi ya injini nzima, na mimi ninaogopa siku hiyo ikija mtaniambia waranti imekwisha. Waranti ya gari hili ni miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia, na siku zinahesabika hata gari likiwa limeegeshwa kwenu.

Safari ya tano lilikaa siku 19. Mkabadilisha nozeli (kinachopulizia petroli) ya silinda ya tatu. Nilipouliza kuhusu maji, niliambiwa ndivyo magari haya yalivyo, yanakunywa kidogo. Nikaomba tuchukue gari jingine la aina hiyohiyo kwenye uwanja wenu, liwekewe alama, lilale pembeni ya langu, tuyawashe yote mawili asubuhi. Ombi hilo halijajibiwa mpaka leo. Mfumo wa maji wa gari jipya umefungwa. Maji yakipungua wiki hadi wiki, kuna mahali yanakwenda.

Jumla ni siku 41 katika safari tano. Katika siku hizo zote mlango wenu niliufungua kila mara kama mteja mgeni: unaumwa nini, gari limeanza lini, umeweka mafuta wapi. Kila kadi ilifunguliwa upya kana kwamba iliyotangulia haipo. Nadhani hapa ndipo ilipo kasoro kubwa kuliko hata ya injini. Fundi wa safari ya tano hakujua kwamba wa safari ya tatu alishabadilisha koili bila mafanikio, kwa sababu hakuna aliyempa kadi zote tano azisome kwa pamoja. Azisome kwa dakika tano tu, ataona mwenyewe kwamba spea za upande wa moto na mafuta zimekwisha kubadilishwa, na kilichobaki hakijaguswa ni maji.

Natambua pia kwamba mafundi wenu wanafanya kazi katika mazingira magumu. Kazi ya waranti analipa mtengenezaji, na hulipa kwa saa zilizopangwa. Kubadilisha koili kuna saa zake zinazojulikana. Kulilaza gari usiku mbili na kuliangalia, kumwacha fundi mzoefu amesimama mbele ya injini baridi akifikiri, saa zake ni ngumu kuzidai. Kwa hiyo fundi hubadilisha kinachodaika, hufuta kosa, na kuita gari linalofuata. Ndiyo maana barua hii nimeielekeza na kwa kiwanda. Mkiwabana wauzaji wenu kwenye muda wa kutafuta ugonjwa, mnaishia kulipia plagi, koili na nozeli zilizokuwa nzima, na mteja anaishia kutowaamini ninyi nyote.

Wako waliokwisha kuliona tatizo hili na kulitungia sheria. Jimbo la Connecticut huko Marekani lilipitisha sheria yake ya magari mapya mabovu mwaka 1982, na majimbo mengine yakafuata. Kwa kawaida zinahesabu mara ngapi gari limerudishwa kwa kasoro ileile, au siku ngapi limekaa karakanani, na siku 30 ni hesabu iliyozoeleka. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015 ya haki za mlaji, mnunuzi anaweza kukataa bidhaa yenye kasoro ndani ya siku 30, na baada ya hapo muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza. Ikishindikana, mnunuzi ana haki ya kuirudisha au kupunguziwa bei. Afrika Kusini, sheria yao ya mwaka 2008 inasema kitu kilichokwisha kufanyiwa matengenezo kikirudia kuharibika ndani ya miezi 3 baada ya matengenezo hayo, muuzaji abadilishe au arudishe fedha. Sizitaji sheria hizo kuwatisha. Nazitaja ili mjue kwamba mtu aliyerudisha gari mara tano kwa ugonjwa mmoja si mkorofi. Kuna mabunge yaliyokaa na kuamua kwamba hata mara tano ni nyingi mno.

Ninachoomba kinafanyika. Gari lilazwe kwenu usiku mbili, injini ikiwa baridi, mfumo wa maji ukiwa na presha, na asubuhi plagi ya tatu itolewe na kamera iingizwe kabla ufunguo haujaguswa. Nataka niwepo. Sitagusa kitu, nitasimama pale mtakaponiambia nisimame. Kompyuta isomwe na kila kilichotunzwa kichapishwe kabla ya kufutwa. Chochote kitakachoongezwa kwenye gari, hata kikombe kimoja cha kulanti, kiandikwe kwenye kadi pamoja na kiasi chake. Malalamiko yangu yaandikwe kwa maneno yangu, nisome, ndipo nitie saini. Kadi zote tano zitumwe kiwandani pamoja na picha zangu za tepe, na mhandisi wa kiwanda atoe maoni yake kwa maandishi. Siku 41 ziongezwe kwenye waranti. Silinda hedi ikikutwa imepasuka, au bloku lenyewe, tuzungumze kuhusu injini mpya au gari jingine, na tuzungumze tukiwa na majibu mezani.

Kama vipimo vitaonyesha nimekosea na mfumo wa maji hauna tatizo lolote, nitakubali, na nitawashukuru kwa kunionyesha. Sijawahi kuomba mkubaliane na mimi. Naomba muangalie.

Jumatatu asubuhi gari litafika kwenu likiwa juu ya lori la kubebea magari. Nimeamua kulikodi mwenyewe, kwa sababu nikiliendesha litafika likiwa na moto na tutaanza upya kulekule. Halijawashwa tangu Ijumaa jioni. Utepe wa tatu uko ubavuni mwa tanki, tarehe na saa nimeandika, na picha yake nimeiambatanisha na barua hii. Ufunguo ninao mimi, nitafika nyuma ya lori. Tafadhali lisishushwe likaingizwa ndani kwa kuwashwa, lisukumwe. Na maji yasiguswe.

Wenu,
Mmiliki wa gari la silinda ya tatu